Kitabu cha Kiwanja cha Ndege

Mjomba wangu alisema sitamaliza darasa la saba. Nilipomaliza, akasema sitavuka stesheni ya Kaliua. Nilipovuka Kaliua na kukaa Dar es Salaam miaka kumi na moja, akasema nitarudi na sanduku tupu na kikohozi. Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na stashahada ya utunzaji wa nyaraka, na nilipoitoa kwenye bahasha sebuleni kwake aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine, akanirudishia.

Stashahada ile sikupewa na mtu. Niliingia katika jumba moja la makumbusho kama mfagiaji. Nilifagia chumba chenye injini ya ndege iliyokatwa katikati ili watu waone ndani, na kila nikiifuta vumbi nilisoma kibao chake mpaka nikakijua kwa moyo. Baadaye wakaniacha nibebe makasha ya kumbukumbu, baadaye niyapange, na jioni nikawa nasoma chuoni. Wenzangu niliofagia nao bado wanafagia. Nalisema hili bila haya, kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema.

Nilipotangaza kwamba nataka kufungua hapa Mpanda chumba cha kuhifadhi kumbukumbu za mitambo, vipimo na ndege, mjomba alicheka akashika ubavu. Alinijibu kilabuni, mbele ya watu.

"Makaratasi ya zamani hapa kwetu yana kazi moja, kufungia karanga. Mtoto wa dada yangu amesoma miaka yote hiyo ili agombane na wauza karanga."

Watu walicheka naye. Mimi nilijua jambo ambalo wao walikuwa wamelisahau: mji huu ulitengenezwa na mashine. Reli haikuletwa kwa ajili ya mahindi yetu, ililetwa kubeba madini ya risasi kutoka mgodini. Wazungu wa mgodi walikuwa na kiwanja cha ndege tangu baba zetu wakiwa vijana. Mgodi ulipofungwa waliondoka na walichoweza kubeba, na kilichobaki kilikuwa majumbani mwa watu, kwenye masanduku ya bati na chini ya vitanda. Nilitaka kukikusanya kabla hakijaisha.

Chama cha wakulima wa tumbaku kilinipa chumba kimoja cha ghala lao la zamani kule Ilembo. Sakafu ya saruji, bati juu, dirisha moja. Nilikipaka chokaa kwa mikono yangu. Nilitengeneza rafu za mbao, nikapata makasha ya karatasi ngumu kutoka madukani, nikaandika namba kwenye kila kasha. Mlangoni niliweka kibao kwa herufi nilizozipima kwa rula.

Kazi ya kwanza ikanifundisha kwamba hakuna atakayenipa kitu. Kwetu kitu cha marehemu hakitolewi. Kinaazimwa, mbele ya shahidi, na anayeazima anakiri kwa mdomo wake kwamba atakirudisha. Chuoni walitufundisha habari za zawadi kwa makumbusho, fomu mbili na sahihi. Nikaweka daftari la maazimo badala yake: kitu, mwenyewe, hali yake, shahidi. Mwaka wa kwanza uliisha nikiwa na waazimishaji watatu.

Wa kwanza alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya mgodi, Mnyamwezi mwenye vidole viwili pungufu. Aliniazima michoro ya winchi iliyokuwa ikiwashusha watu shimoni, aliyoichora yeye mwenyewe kwa kuinakili ya wazungu, karatasi saba. Aliniita Bwana Diploma tangu siku ya kwanza na hakuacha. Wa pili alikuwa mzee wa Katumba, Mrundi aliyekimbia kwao pamoja na wenzake. Alikuwa mwalimu huko alikotoka. Alipopewa shamba msituni alitengeneza kipimo cha mvua kwa kopo, akaandika kila asubuhi mvua ya usiku uliopita, tangu mwaka wao wa kwanza mpaka siku aliyoniazima daftari.

Wa tatu alikuwa bibi mmoja aliyeishi peke yake pembeni mwa kiwanja cha ndege, mjane wa mtunza kiwanja.

Mumewe alikuwa na kazi nne. Kufyeka nyasi, kupaka chokaa mawe ya pembeni, kufukuza pundamilia na ng'ombe ndege inapokaribia, na kuandika. Alikuwa na kitabu kikubwa chenye mistari. Kila ndege iliyotua au kuruka aliandika namba yake, saa, upepo unatoka wapi, imebeba nini na nani. Mimi niliyefuta vumbi la injini miaka yote ile nilipokisikia kitabu hicho sikulala.

Bibi alikitoa jikoni. Kilikuwa juu ya kichanja, pale juu ya meko panapowekwa mbegu za mahindi, kimefungwa kwenye kipande cha turubai. Kilikuwa cheusi kwa masizi kama sufuria. Nilikishika nikasikia uchungu wa kazi yangu.

"Bibi, huu moshi unakiua kitabu."

"Moshi ndio uliokiweka, mwanangu," alisema.

Nilimweleza. Nilimweleza habari za asidi iliyomo kwenye moshi, jinsi inavyokausha karatasi mpaka inavunjika kama jani. Nilimweleza kwamba kwangu kitakaa mahali pasafi, pakavu, kwenye kasha lenye namba. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mahubiri kwa lugha ambayo hakuizoea.

"Basi wewe umesoma," alisema.

Kabla hajanipa alikifungua penye unyoya wa kuku. Hakujua kusoma lakini ukurasa ule aliujua. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja, nami nikausoma. Ulikuwa wa binti yao. Alikuwa na miaka minne, akashikwa na homa ya kukaza shingo, na ndege ya mgodi ilikuwa uwanjani ikisubiri kuondoka. Rubani alikubali kumpeleka pamoja na muuguzi wa mgodi mpaka hospitali ya misheni upande wa Tabora. Hapakuwa na nafasi ya mama. Baba aliandika kama alivyoandika ndege nyingine zote: namba, saa, upepo, mzigo, na mwisho wa mstari jina la mtoto.

"Mkono haukumtetemeka," bibi alisema. "Kazi ni kazi."

Wiki tatu baadaye barua ilikuja kwa treni, mumewe akamsomea. Mtoto alifika salama. Siku ya pili alikunywa uji na kumuulizia mama yake. Siku ya tatu alfajiri alikufa, wakamzika hukohuko. Bibi alinisimulia kwa sauti ileile ya kueleza mahali kisima kilipo. Akasema mtoto hakuwa amebatizwa bado, wala kuandikishwa popote. Jina lake liliandikwa mara moja tu duniani, na ni hapo.

"Ukurasa huu usinipotezee," alisema. Jirani yake alikuwa shahidi. Nikakiri kwa mdomo wangu.

Kitabu nilikisafisha siku nne. Niliyatoa masizi jani kwa jani kwa brashi laini na makombo ya mkate, kama nilivyofundishwa. Kilipotoka kikiwa cheupe nilijisifu, na nilikuwa na haki, maana sijaona mtu mwingine katika mkoa wetu aliyeweza kazi ile. Kisha nikaandika kadi ya maelezo kwa kila ukurasa. Chuoni walisisitiza maelezo yawe mafupi. Kadi ya ukurasa ule, chini ya mwezi, mwaka na namba ya ndege, niliiandika hivi: *Safari ya mgonjwa kwenda hospitali ya misheni.* Maneno saba, na hakuna jina.

Mvua zilipoanza nilipata habari za picha za ndege za zamani kule Kibaoni. Nilifunga chumba nikapanda lori. Picha hazikuwapo, mwenye nazo alikuwa amezikata kutengeneza fremu za watakatifu. Nikataka kurudi siku ya pili, lakini barabara ilikuwa imegeuka uji mweusi na malori yalilala njiani mpaka magurudumu yakazama. Nikashikwa na malaria. Nilirudi Mpanda baada ya wiki tano, nimekonda.

Chumba kilinuka udongo. Rafu zilikuwa zimesimama, makasha yamesimama, namba zangu zinasomeka. Nilipolivuta kasha la kwanza lilikuwa jepesi. Mchwa walipita kwenye ufa wa ukuta, wakapanda nyuma ya rafu ambako sikuwa nikitazama, wakaingia kila kasha kwa nyuma. Mchwa hali kitu cha nje. Kitabu cha kiwanja kilikuwa na jalada zima, na ndani yake nilikuta udongo mwekundu uliokaa kwa umbo la kitabu. Majani machache ya mwisho yalipona. Unyoya wa kuku ulikuwepo. Ukurasa wake haukuwepo.

Nilikaa sakafuni muda mrefu nikiwa na jalada mapajani. Niliyekuwa nimekitoa kwenye moshi ni mimi. Miaka thelathini na zaidi mchwa walikuwa wakiogopa masizi yale, nami nikayafuta kwa makombo ya mkate, kama mtu anayewaandalia meza.

Habari haikukawia. Mjomba alisema afadhali karanga zingekuwa zimepata kitu cha kufungiwa. Chama kikaniambia msimu ujao kitahitaji chumba kwa mbolea. Nilipita njia ya mbali kila siku ili nisionwe kutoka nyumba ya bibi. Mtu mwenye stashahada, nikipita porini kama mwizi wa kuku.

Fundi ndiye aliyenifuata. Alichukua mabaki ya michoro yake, akayaweka juani.

"Bwana Diploma, hawa mchwa nao walisoma chuo gani? Wamekula vipimo, wamekuachia pambizo."

Hakungoja nijibu. Akasema nilete karatasi na rula, tuchore upya. Kiangazi chote kilichofuata nilikwenda kwake baada ya saa kumi. Yeye alikuwa akifumba macho na kuisema winchi, mimi nikiichora: ngoma, kamba ya chuma, meno, breki. Alikumbuka mambo ambayo hayakuwa hata kwenye michoro ya kwanza. Lakini tulipofika mahali breki inaposhikana na mhimili alikwama. Akajaribu kwa vidole vyake nane hewani. Akajaribu tena siku iliyofuata, na siku iliyofuata.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema. "Nimekifunga kwa mikono yangu mara ngapi. Acha wazi."

Nikaacha wazi. Hakuniita Bwana Diploma jioni ile.

Daftari la mvua liliniokoa kwa sababu nilikuwa nimelichora kwenye karatasi kubwa iliyotundikwa ukutani, mwezi kwa mwezi, na mchwa hawakuifikia. Mvua ya kila siku ilipotea, jumla za miezi zikabaki. Nikaziandika upya kwenye daftari jipya.

Ukurasa wa bibi haukuwa na ukuta wala fundi. Nilikuwa na kadi yangu yenye maneno machache, na kila nilipoisoma niliona aibu ya ufupi wake. Hata jina nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimelisoma mara moja, kwa haraka, nikitafuta namba ya ndege.

Lakini hapa ndipo nataka watu waelewe kwa nini nasema elimu yangu si ya bure. Nikiwa kitandani usingizi umeniruka, nilikumbuka kwamba ndege huandikwa mara mbili. Inaandikwa inakoruka, na inaandikwa inakotua. Kama hospitali ile ilikuwa na kiwanja, ilikuwa na kitabu.

Nilipanda treni. Hospitali bado ilikuwepo, kiwanja kilikuwa shamba la mihogo. Mtawa mzee aliyeshika funguo aliniuliza natafuta nini, nikamwonyesha stashahada na kumweleza yote, hata habari za mchwa. Alinifungulia stoo. Palikuwa na vitabu vya wagonjwa, vya dawa, vya mafuta ya taa, vyote vimechanganyika, na popo juu. Nilitafuta siku tatu. Sikula mchana. Kitabu cha kiwanja chao nilikipata chini ya magodoro yaliyooza, na mwezi niliokuwa nao kwenye kadi yangu ukanipeleka kwenye mstari.

Namba ya ndege ilikuwa ileile. Saa ya kutua, upepo wa mashariki. Kisha: *Mtoto wa kike wa mtunza kiwanja wa Mpanda. Amefika amekwisha fariki, mikononi mwa muuguzi. Amezikwa jioni.*

Jina halikuwepo. Siku tatu hazikuwepo. Uji haukuwepo.

Niliunakili mstari ule kwa mkono, neno kwa neno, na mtawa akaweka sahihi yake pembeni kwamba ni sawa na asili. Katika treni ya kurudi niliifikiria karatasi ile kila stesheni. Ingekuwa rahisi. Karatasi nyingine, mwandiko uleule, naacha maneno machache na kuongeza jina, ambalo jirani wa bibi angeniambia. Bibi hakujua kusoma. Yeyote ambaye angemsomea angesoma nilichoandika mimi. Nimefanya mengi ya kujivunia na nimeyataja, lakini hili ndilo ninalolitaja kwa sauti ndogo: sikuongeza wala sikupunguza. Si kwa sababu ya moyo mwema. Ni kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichosomea, na nikikiharibu sina kingine.

Siku ya kurudisha niliichagua mwenyewe. Niliondoka alfajiri kwa baiskeli mpaka Katumba. Mzee wa mvua alizitazama jumla zangu, akalifunga daftari jipya.

"Usiinamishe kichwa hivyo," aliniambia. "Nyie hapa mkipoteza daftari mnadhani dunia imeisha. Sisi tulipoteza zaidi." Akaweka sahihi kwenye daftari la maazimo, mwandiko mzuri wa mwalimu, akanipa mahindi mawili ya kuchoma.

Mchana nilikuwa kwa fundi. Alihesabu karatasi saba, akaitazama kwa muda ile yenye sehemu tupu, akaiweka katikati ya zile nyingine. Akasaini.

Jua likiwa limeinama nilifika kwa bibi. Nilimpa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, nikamkabidhi jalada likiwa na majani yake machache. Alilipima uzito kwa mikono. Alikuwa amekwisha kusikia, tangu zamani, na hakuwahi kunifuata. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikamwambia nilikokwenda, na kwamba nilichokileta si kile alichonipa. Nikamwambia pia kwamba kina habari ambayo huenda hataki kuisikia, na kwamba akitaka nitakikunja nimwachie hivyohivyo.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya jiko.

"Soma tena, hapo pa muuguzi."

Nikasoma tena.

"Na uji?"

"Uji haumo, bibi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepanga vitu. "Ile barua aliisoma akitazama mlangoni," alisema. "Nilidhani macho yanamsumbua, moshi."

Chuoni hawakutufundisha la kusema.

"Basi mwanangu hakulala siku tatu peke yake kwa watu," alisema. Machozi yalimtoka, bila sauti. "Mwenye kulala na siku hizo tatu peke yake ni baba yake. Mpaka anakufa."

Tulikaa hivyo mpaka jua likagusa miti ya ng'ambo ya kiwanja. Ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wakivuka mle ndege zilimokuwa zikitua, na hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Aliniambia nichukue karatasi nyingine, si ile ya mtawa, niandike jina. Akalitaja. Nikaliandika, kwa herufi kubwa nilizozipima, nikampa. Sitalitaja hapa.

Kisha nikafungua daftari la maazimo. Niliona aibu kumwomba, lakini aliuona wino akanyoosha mkono mwenyewe. Alibonyeza dole gumba mahali nilipomwonyesha.

"Hiki sicho nilichokupa," alisema. "Lakini umerudisha."

Nikapiga mstari chini ya dole lake. Hapakuwa na azimo lingine chini yake. Nilifunga daftari, nikasukuma baiskeli mpaka barabarani, sina kitu cha mtu tena.